Je, Huzuni ya Mama Huharibu Maziwa ya Mtoto?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule moja binafsi hapa Tanga, nina umri wa miaka 27, na wiki saba zilizopita nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, lakini baadaye nilitokwa na damu nyingi nikalazwa siku tatu. Namshukuru Mungu tulirudi nyumbani salama, na tangu siku hiyo mwanangu hajaonja kitu kingine isipokuwa maziwa yangu, kama nilivyofundishwa kliniki.

Shida yangu ni kwamba sina raha. Siku za mwanzo nilikuwa nalia ovyo, nikaambiwa ni uchovu wa uzazi, yatapita. Hayajapita, na sasa ni zaidi ya mwezi. Naamka asubuhi mwili mzito kana kwamba sikulala, na kwa kweli silali, kwa sababu hata mtoto akisinzia mimi hubaki nimemkodolea macho nione kama kifua chake kinapanda na kushuka. Chakula kimenishinda, nikipakuliwa nakula vijiko viwili vitatu, kisha naisogeza sahani. Nikiinuka ghafla nashikwa na kizunguzungu. Mume wangu ni dereva wa magari ya mizigo, hukaa safarini wiki mbili hata tatu, na kila akipiga simu humwambia hatujambo, maana sijui nianzie wapi kumweleza.

Anayenitunza ni mama mkwe, na nisingependa umfikirie vibaya. Arobaini yote alinipikia uji wa pilipili manga na supu, na nguo za mtoto anafua yeye mpaka leo. Ila wiki iliyopita alinikuta nalia huku mtoto yuko ziwani. Akamchukua taratibu, akaniambia: "Mwanangu, usimnyonyeshe ukiwa katika hali hii. Maziwa ya mama mwenye simanzi huchacha yakiwa bado kifuani." Tangu hapo mtoto akilia jioni anasema ni maziwa, kwamba ni mepesi na hayamshibishi. Juzi alinitaka niyakamue tuyatazame. Nikakamua kwenye glasi, tukaiweka dirishani kando ya kikombe cha maziwa ya ng'ombe. Ya kwangu yalifanana na maji ya kuoshea mchele, na kwa mbali yalikuwa na rangi ya samawati. Ya ng'ombe yalikuwa meupe na mazito. Nikakosa la kusema. Jirani mmoja naye amenong'ona kwamba huenda mtoto amebemendwa, neno lililonichoma, kwa kuwa baba yake hajalala nyumbani hata siku tano tangu nijifungue.

Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba alizaliwa na kilo 3.1, na siku ya chanjo ya wiki sita alikuwa na kilo 4.5. Muuguzi aliniambia, "Hongera mama, mtoto anakua," akaandika, akamwita mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari zangu. Nikarudi nazo nyumbani.

Sasa mama mkwe anataka tumwanzishie maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, au uji mwepesi kila usiku. Naomba uniambie ukweli. Je, huzuni yangu inaharibu maziwa? Kwa kuwa sili vizuri, je, mtoto anakosa lishe? Na baada ya wiki tano nitarudi kazini. Je, hata hayo yaliyopo hayatakauka?

Mimi,
Mzazi wa mara ya kwanza, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa damu uliyopoteza, na pole zaidi kwa wiki zote hizi ambazo umekuwa ukijibu "hatujambo" wakati mambo hayako hivyo.

Nianze na lile linalokunyima usingizi: maziwa yako hayajaharibika. Maziwa hayachachi ndani ya ziwa la mama, hata alie usiku kucha, kwa sababu hayakai humo kama yanavyokaa kwenye kibuyu; hutengenezwa kutoka kwenye damu saa zote, na sehemu kubwa ya yale anayonyonya mtoto wako jioni ilikuwa bado haijatengenezwa alipoamka asubuhi. Ninasema haya nikiwa mkunga niliyestaafu baada ya miaka 31 wodini na kliniki, na sijawahi kuona mtoto aliyedhurika kwa sababu mama yake alilia akinyonyesha. Watoto niliowaona wakidhurika ni wale waliopewa uji na maziwa ya ng'ombe wakiwa na umri wa wiki saba.

Tuirudie ile glasi yenu ya dirishani, kwa kuwa imekuumiza bure. Weupe na uzito wa maziwa ya ng'ombe hutokana zaidi na protini iitwayo kaseini, na ng'ombe anayo nyingi kwa sababu ndama anapaswa kukua mifupa na misuli kwa haraka. Katika mililita 100 za maziwa ya ng'ombe kuna zaidi ya gramu 3 za protini. Katika maziwa ya mama ni takribani gramu 1 tu, na hicho ndicho kiasi ambacho figo changa za binadamu zinakimudu. Sukari ya maziwa ndiyo iliyo nyingi kwako, karibu gramu 7 dhidi ya pungufu ya 5 za ng'ombe. Mafuta yanakaribiana. Tena, yale mliyoyatazama yalikuwa ya mwanzo wa kukamua, ambayo huwa na mafuta machache. Kadiri ziwa linavyopungua ujazo, ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Kama mngeiacha glasi ile itulie kwa saa kadhaa mahali penye baridi, mngeona utando wa krimu umepanda juu. Rangi ya samawati uliyoiona nimeiona kwa maelfu ya akina mama, wenye raha na wasio nayo. Asilimia 87 hivi ya maziwa ya mama ni maji, na ndiyo sababu mtoto wako hahitaji kupewa maji ya kunywa hata katika joto la Tanga la mwezi wa pili.

Na shahidi mkubwa kuliko glasi ni kadi yako. Kutoka kilo 3.1 hadi 4.5 katika wiki sita ni ongezeko la kilo 1.4. Hakuna mtoto anayeongezeka hivyo kwa maziwa yasiyoshibisha. Hesabu pia nepi zake: zikilowa sita au zaidi kwa siku, na mkojo ukawa hauna rangi kali, maziwa yanamtosha. Kilio cha jioni ni jambo la umri wake. Watoto wengi huzidisha kulia mpaka karibu na wiki ya sita kisha hupungua polepole, na katika saa zile hutaka kunyonya mara kwa mara, kidogo kidogo; ziwa hulegea, mama akadhani limekauka, kumbe maziwa yanayotoka wakati huo ndiyo yenye mafuta zaidi.

Hapa ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo wengi wetu, wauguzi tukiwemo, tunalipindua. Muuguzi wako aliona kilo 4.5 akakupa hongera, na hakukosea kuhusu mtoto. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtoto akinawiri basi na mama yake ni mzima. Mwili wa mama anayenyonyesha hutanguliza maziwa. Chakula kikipungua, wenyewe hujinyima ili maziwa yasipungue ubora: madini ya chokaa yasipopatikana kwenye sahani hutolewa kwenye mifupa ya mama, nao mfupa hujirudishia madini hayo baada ya mtoto kuachishwa, mafuta hutolewa kwenye akiba ya mapaja na nyonga, madini ya chuma ya maziwa hubaki karibu yaleyale hata mama akiwa na upungufu wa damu. Huko Gambia, katika kijiji cha Keneba, watafiti waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha nyongeza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakitarajia maziwa yaongezeke. Maziwa hayakuongezeka, kwa kuwa wanawake wale, ingawa walikuwa wakila kidogo na kulima sana, tayari walikuwa wakiwatolea watoto wao maziwa ya kutosha. Waliofaidika ni akina mama wenyewe, ambao waliongezeka uzito. Kwa hiyo, mwanangu, unapouliza kama kutokula kwako kunamnyima mtoto, jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa kunakunyima wewe. Unalipa wewe. Nami sitaki ule kwa ajili ya maziwa peke yake. Nataka ule kwa sababu wewe nawe ni mtu wa kutunzwa.

Nimesema "kwa sehemu kubwa" kwa makusudi, kwa maana yapo machache ambayo maziwa hayawezi kuyaazima mwilini mwako kama hayapo mezani. Vitamini za kundi B, hasa B1 na B12, vitamini A, madini joto, na yale mafuta ya samaki yanayojenga ubongo, hupanda na kushuka kwenye maziwa kulingana na anachokula mama. Katika nchi za Asia, ambako watu walikula wali wa mchele uliokobolewa sana bila mboga ya maana, watoto wachanga waliokuwa wakinyonya walipata beriberi kwa kukosa vitamini B1, ilhali mama zao walionekana hawana ugonjwa. Tanga haiko hivyo. Kwenu kuna dagaa na samaki, kuna kisamvu na matembele, kuna mbaazi za nazi, na machungwa ya Muheza yanauzwa kila kona. Samaki mara mbili tatu kwa wiki, yai, mboga za majani zilizoungwa kwa karanga au tui, chumvi yenye madini joto iliyohifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko: hayo yanatosha. Chungwa ulile pamoja na mbaazi au mchicha, kwa kuwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai ya rangi uiahirishe hadi saa moja au mbili baada ya mlo, kwa sababu huyazuia.

Najua kwamba kumwambia mtu asiye na hamu "kula" ni kumwongezea mzigo. Basi acha sahani kubwa. Mama anayenyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine huhitaji takribani kalori 500 zaidi kwa siku, nazo hazilazimiki kuja kwa mkupuo. Kila unapoketi kunyonyesha, kitu kiwe kando yako: kikombe cha uji wa ulezi uliotiwa karanga, ndizi mbivu, kipande cha muhogo wa kuchemsha, glasi ya maji. Mtoto ananyonya, na wewe unakunywa. Mtoto wa umri huo hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Hata ukimeza kidogo kila mara, ikifika usiku umekula. Uji wa pilipili manga wa mama mkwe wako uendelee, kwani hauna ubaya wowote.

Sasa tuje kwenye huzuni yenyewe. Nimesema haiharibu maziwa, lakini sitakudanganya kwamba haina uhusiano wowote na kunyonyesha. Maziwa hutawaliwa na homoni mbili. Prolaktini huyatengeneza, nayo hupanda kila mtoto anaponyonya, hasa usiku. Oksitosini huyasukuma yashuke kwenye chuchu, na hii ndiyo yenye aibu. Mama akishtuka, akiumwa au akijawa na wasiwasi, inachelewa. Mwaka 1948 huko Marekani, Michael Newton na mkewe Niles Newton walipima maziwa aliyoyapata mtoto mama akiwa ametulia, kisha wakapima mama akiwa anasumbuliwa kwa kutumbukizwa miguu kwenye maji ya barafu na kuulizwa hesabu za haraka. Maziwa aliyopata mtoto yalishuka kutoka takribani gramu 168 hadi 99. Mama alipochomwa sindano ya oksitosini huku bado anasumbuliwa, yalirudi hadi 153. Unaona maana yake? Maziwa yalikuwemo muda wote. Yalikuwa yamefungiwa mlango.

Ndiyo maana siku nyingine unaweza kumweka mtoto ziwani akahangaika, akaachia, akalia, na wewe ukazidi kuogopa. Usimwondoe. Keti au lala ubavu mahali pasipo na watu wengi, mvue nguo mtoto abaki na nepi, umlaze kifuani ngozi kwa ngozi, jifunike khanga ninyi wawili, na usubiri bila kutazama saa. Kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu juu ya ziwa husaidia, na mtu akikusugua mgongo pande mbili za uti, kutoka shingoni hadi chini ya mabega, maziwa hushuka vizuri zaidi. Mara nyingi utasikia wewe mwenyewe, kama sindano ndogo ndogo au joto linalotembea, kisha mtoto anabadilisha mwendo: kutoka kufyonza haraka haraka, anaanza kuvuta polepole na kumeza, na kwenye chumba kimya utasikia kila funda. Kunyonyesha huku machozi yanakutoka si dhambi wala si hatari. Oksitosini ileile humtuliza na mama. Ndiyo sababu wengine husinzia mtoto akiwa ziwani.

Kinachoweza kuyapunguza maziwa kweli ni ziwa kuachwa limejaa. Ziwa lililojaa hupokea habari kwamba maziwa hayahitajiki, likapunguza kazi. Lililotolewa maziwa huharakisha. Fikiria, basi, itakuwaje mkimpa uji usiku. Tumbo litajaa, atalala kwa muda mrefu, hatanyonya saa zile ambazo prolaktini iko juu, na asubuhi ziwa litakuwa limepunguza. Baada ya siku chache maziwa yatakuwa machache kweli, na kila mtu atasema, "Si tulisema?" Hivi ndivyo hofu ya maziwa kutotosha inavyojitimiza, na nimeiona ikijitimiza katika nyumba nyingi mno. Mbali na hilo, uji hauna kinga zilizomo katika maziwa yako, kikombe na maji huja na kuhara, na maziwa ya ng'ombe huweza kuukwaruza utumbo mchanga hadi ukavuja damu kidogo kidogo bila kuonekana. Mpaka miezi sita itimie, maziwa yako peke yake. Baada ya hapo aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.

Sasa wewe. Kulia na kuchoka siku chache baada ya kujifungua hutokea kwa akina mama wengi, na kwa kawaida huisha kabla ya wiki mbili. Kwako imepita wiki ya saba, huli, hulali hata nafasi ikipatikana, na unaogopa muda wote. Siwezi kukupima kwa barua, lakini hizo ni dalili za sonona ya baada ya uzazi, ambayo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, una matibabu, na haumpati mama kwa sababu hampendi mtoto wake. Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, ambalo lipo pia kwa Kiswahili, linalouliza jinsi ulivyojisikia katika siku saba zilizopita. Ujazaji wake hauchukui hata dakika kumi. Uliza kliniki au hospitali ya mkoa wakupime kwa hilo au kwa njia waliyonayo.

Kabla hawajakuandikia dawa yoyote ya akili, wapime damu yako. Ulitokwa na damu nyingi, unashikwa na kizunguzungu, mwili mzito: upungufu wa damu peke yake unaweza kumvunja mtu nguvu na kumtia majonzi, nao unaweza pia kupunguza maziwa. Waulize kama vile vidonge vya kuongeza damu ulivyokuwa ukimeza wakati wa ujauzito unapaswa kuendelea navyo, kwa maana akina mama wengi huviacha siku ya kujifungua, ilhali ni baada ya hapo ndipo wanapovihitaji. Kama huduma ipo, wakague na tezi ya thairoidi, ambayo kwa baadhi ya wanawake huchafuka miezi ya mwanzo baada ya uzazi na dalili zake hufanana sana na sonona.

Ikionekana ni sonona, matibabu huanza mara nyingi kwa ushauri nasaha, na inapobidi hutolewa dawa. Usikubali kuambiwa na mtu yeyote wa mtaani kwamba dawa hizo na ziwa havikai pamoja. Zipo, sertralini ikiwa mojawapo, ambazo hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na daktari akijua kwamba unanyonyesha atakuchagulia ifaayo. Lakini ikitokea ukapata fikra za kujidhuru au za kumdhuru mtoto, au ukaanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mama mkwe, naye akupeleke hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Kuhusu neno la jirani, sina mengi. Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa kwa njia yoyote, na mtoto aliyetoka kilo 3.1 hadi 4.5 haonyeshi dalili ya kudhoofika. Ukweli uliojificha nyuma ya imani hiyo ya kubemenda ni kwamba mama akishika mimba upesi, maziwa hupungua na mtoto aliyeko ziwani hudhoofika. Suala hilo linahusu uzazi wa mpango, nalo unaweza kuliuliza kliniki siku hiyohiyo.

Mume wako umpigie leo. Usimtafutie maelezo marefu, mwambie, "Mimi si mzima, nakwenda kupimwa, nahitaji uje nyumbani au uzungumze nami kila jioni." Mtu aliye barabarani huamini anachoambiwa. Umemwambia hatujambo, naye ameamini.

Ningependa pia kusema na mama mkwe wako, na tafadhali msomee kipande hiki. Ndugu yangu, nakusalimu kwa heshima. Umemlea binti wa mwenzio kama wako, na jicho lako liliona kile ambacho muuguzi mwenye kadi mkononi hakukiona: kwamba mzazi huyu ana simanzi isiyo ya kawaida. Ulikosea kuhusu maziwa, lakini kuhusu simanzi ulikuwa sahihi, na wewe ndiye wa kwanza kulitamka. Mila zetu zilijua kwamba mzazi haachwi peke yake, ndiyo maana tukaweka arobaini. Ila arobaini ikiisha watu hurudi makwao, naye huhesabiwa mzima hata kama hajapona. Nakuomba umwongezee arobaini nyingine. Mtoto akimaliza kunyonya jioni, mchukue wewe, umbebe, utembee naye uani, ili mama yake alale saa tatu mfululizo bila kusikia kilio. Uji ule uliotaka kumpa mtoto, mpe mama yake. Na siku ya kwenda kupimwa, ongozana naye uingie naye ndani, ili akishindwa kusema, umsemee.

Limebaki la kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na baada ya kurudi inamtaka mwajiri akuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mwandikie mwalimu mkuu mapema, ukitaja sheria hiyo kwa adabu, mkubaliane ni vipindi gani utatoka. Kama shule iko karibu, mtoto aletwe. Kama iko mbali, anza wiki mbili kabla kujizoeza kukamua kwa mkono, kwenye kikombe kilichochemshwa na chenye mfuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne mahali penye nyuzijoto 25 au chini ya hapo, na kwa joto la pwani nisingeyaacha muda wote huo. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, wala yasibandikwe jikoni, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo badala ya chupa. Usiku umnyonyeshe kwa wingi, na maziwa hayatakauka.

Nenda kliniki Jumatatu asubuhi na mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na ufikapo mbele ya muuguzi usianze na kadi ya mtoto. Anza kwa kusema, "Leo nimekuja kwa ajili yangu." Ukishapata majibu ya damu na ya yale maswali kumi, niandikie tena, na unieleze kama mama mkwe alikwenda nawe.